Njia ya Namugongo: Miaka 140 ya Nyayo za Mashahidi

Juni 3, 2026 inatimia miaka 140 tangu Karoli Lwanga na wenzake wachomwe moto kwa ajili ya imani yao ya Kikristo huko Namugongo, nje kidogo ya Kampala. Kwa ajili ya siku hiyo mahujaji hutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, na wengi hufunga safari kwa miguu, baadhi yao kwa majuma kadhaa, rozari mkononi. Anayefika na malengelenge ya njia nzima hahitaji kuhubiriwa maana ya toba. Lakini wa kwanza kuitembea njia hii walikuwa wamefungwa kamba.

Mwanzo wake unajulikana. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877. Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alifika 1879 kwa njia ndefu ya kutoka Bagamoyo. Vijana wa ikulu wakaanza kusoma dini, baadhi ya maandiko yao ya mwanzo yakiwa ya Kiswahili. Kabaka (mfalme) Mutesa alifariki 1884, na Mwanga akatawala. Novemba 1885 Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki wa ikulu, aliuawa baada ya kumkemea Kabaka huyo kwa mauaji ya Askofu Hannington wa Kianglikana.

Hukumu kubwa dhidi ya Wakristo ilitolewa Munyonyo mwishoni mwa Mei 1886. Padri J. F. Faupel, katika kitabu chake cha mwaka 1962, anaifuata safari ya wafungwa hao hatua kwa hatua. Lourdel alikuwa amekuja kuwaombea akakataliwa, akabaki kuwatazama wakipitishwa mbele yake. Yakobo Buuzaabalyaawo alimwinulia mikono iliyofungwa, akimwonyesha mbinguni.

Ilikuwa desturi baadhi ya waliohukumiwa kuuawa njiani, kwenye njia panda. Ponsiano Ngondwe aliishia Ttakajjunge, Atanasi Bazzekuketta Nakivubo. Naye Matia Kalemba Mulumba, mtu mzima aliyekuwa mwamuzi katika utawala wa chifu wa Ssingo, alipofika mahali paitwapo leo Old Kampala alikataa kuendelea. Aliwauliza wauaji kwa nini wampeleke mbali wakati kifo kipo hapo hapo. Walimkata mikono na miguu, wakamchuna vipande vya nyama, wakamwacha porini. Siku kadhaa baadaye wapita njia walimsikia akiomba maji. Walipomwona walikimbia kwa hofu. Alikufa peke yake, bila padri, bila hata mwenzake Luka Banabakintu, aliyekamatwa naye Mityana na ambaye alikuwa amekwisha kusogezwa mbele.

Waliofika Namugongo walingoja takriban juma zima huku kuni zikikusanywa. Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa pamoja kwenye tanuri moja, na Lwanga alichomwa peke yake mahali pengine. Kutokana na hilo kuna vituo viwili vya hija vilivyo karibu, cha Kanisa Katoliki alipofia Lwanga na cha Kanisa Anglikana penye tanuri kubwa. Inauma kuona watu waliofungwa kamba moja wakikumbukwa katika ibada mbili. Mwaka 2015 Papa Fransisko alianzia kwa Waanglikana kabla ya kwenda kuadhimisha misa, na alifanya vema.

Wakatoliki 22 walitangazwa wenye heri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964. Paulo VI alifika Namugongo 1969, na basilika yenye nguzo 22 ikawekwa wakfu 1975. Corona ilizuia umati mwaka 2020.

Siku hizi mabasi hushusha mahujaji Namugongo na kuwarudisha bila kukanyaga njia ambako damu ilimwagika. Hatuwezi kuwalaumu wazee na wagonjwa. Ila parokia zinazoandaa safari za vijana zinaweza kabisa kuwashusha Munyonyo wakamalizie kwa miguu, wakasimama Old Kampala, lilipo kanisa lenye jina la Mulumba, na kuwasomea habari zake palepale alipokataa kwenda mbele.