Mpira wa Pete na Watu Wanaoulinda

Leo tutazungumza habari za mpira wa pete, ambao wengi huuita netiboli. Tutajifunza ulitoka wapi, na ni nani wanaoulinda usiharibike.

Mwaka 1891, huko Springfield katika nchi ya Marekani, mwalimu mmoja jina lake James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda, akawafundisha vijana kutupia mpira humo. Mchezo huo ukavuka bahari mpaka Uingereza, ukafundishwa katika chuo cha wanawake waliosomea ualimu wa mazoezi ya mwili. Huko ukabadilika. Vikapu viliondolewa zikawekwa pete, na uwanja ukagawanywa sehemu tatu. Mwaka 1901 kanuni zake zikapigwa chapa.

Lakini kila nchi ilishika njia yake. Waingereza walicheza watu saba kila upande. Watu wa New Zealand walicheza tisa. Je, timu ya watu saba itashindanaje na timu ya watu tisa? Basi mwaka 1960 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Ceylon, ambayo sasa yaitwa Sri Lanka, wakapatana kuwa na kanuni za namna moja, wachezaji saba kila upande. Mwaka 1963 timu 11 zikakutana Eastbourne, Uingereza, kushindania ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Australia waliwashinda New Zealand kwa magoli 37 kwa 36, nao ndio waliochukua ubingwa.

Goli moja tu! Oneni jinsi filimbi moja iwezavyo kumpa mtu ushindi au kumnyima. Kanuni zilizoandikwa hazijilindi zenyewe. Zahitaji watu, nao ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni mwamuzi. Waamuzi huwa wawili, kila mmoja na nusu yake ya uwanja. Kabla ya mchezo hutazama kucha zisiwe ndefu, na vipuli na mikufu ivuliwe, ili mtu asiumizwe. Mwamuzi akiona kosa, lakini aliyekosewa yuko katika nafasi nzuri, hapigi filimbi, ili mkosaji asifaidike kwa kosa lake.

Wa pili ni mchezaji. Akipata mpira, autoe kabla ya sekunde 3 kupita. Akimzuia mwenye mpira, asimame futi 3 mbali naye. Akimgonga mwenzake, husimama kando ya mwenye kurusha adhabu, bila kujiingiza mchezoni, mpaka mpira umemtoka yule mikononi. Asibishane, kwa kuwa neno la mwamuzi ni la mwisho. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Wa tatu ni mwalimu wa timu. Kazi yake huanza siku nyingi kabla ya filimbi. Huwafundisha wachezaji kanuni pamoja na ufundi, na humpumzisha aliyeumia hata akiwa ndiye mfungaji hodari. Nao humtazama yeye. Akimtukana mwamuzi leo, kesho watamtukana wao.

Haya, sasa jibuni pamoja darasani:

1. Kwa nini wajumbe walikutana mwaka 1960?
2. Kwa nini mwamuzi huweza kuona kosa asipige filimbi?
3. Mwalimu wa timu yenu akitaka kumrudisha uwanjani binti aliyeumia, kwa sababu limebaki goli moja, mtamwambia nini?

Kwaherini mpaka somo lijalo.