Songwe Haukutia Saini

Mwaka 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Mto Songwe uwe mpaka. Mto wenyewe haukuulizwa. Katika tambarare ya Kyela, kabla ya kuingia Ziwa Nyasa, mafuriko makubwa huuhamisha, na shamba la mpunga lililolala Tanzania huamka ng'ambo, upande wa Malawi. Sasa nchi hizi mbili zina mpango wa mabwawa ya kuutuliza.

Katika Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, shujaa anaingia Rufiji na kuibuka na maji ya kuwapa watu umoja dhidi ya mkoloni. Mto ule una upande. Songwe hauna. Unavunja mstari wa mkoloni, lakini anayeulizwa uraia ni mkulima, ambaye hakuhama hata hatua moja.