Kwa nini England mgonjwa wa pumu hulipia dawa, wa kisukari halipi?

Nchini England, mtu mwenye kisukari anayetumia dawa halipi chochote anapochukua dawa alizoandikiwa na daktari. Mwenye pumu hulipa. Wote wawili huenda wakatumia dawa maisha yao yote, na wote hutibiwa na mfumo mmoja wa afya wa umma, NHS.

Chanzo ni orodha ya mwaka 1968. NHS ilipoanza Julai 1948, dawa zilikuwa bure. Ada ikaja 1952, ikafutwa 1965, kisha ikarudishwa 1968 serikali ilipobanwa na fedha. Safari hii yakatajwa magonjwa machache ya kudumu yanayosamehewa: kifafa, kisukari kinachohitaji dawa, baadhi ya magonjwa ya tezi na mengine kadhaa. Pumu haikutajwa. Wala haukutajwa ugonjwa wa kurithi wa mapafu, sistiki faibrosisi, kwani wakati ule wengi waliozaliwa nao walifariki wangali watoto. Leo wanafikia utu uzima, lakini orodha haijawafuata. Saratani iliongezwa mwaka 2009.

Ajabu nyingine ni kwamba aliyesamehewa husamehewa dawa zote. Mwenye kifafa akiugua kifua, dawa ya kifua nayo ni bure.

Watoto, watu wa miaka 60 na zaidi, na baadhi ya wenye kipato duni hawalipi. Mzigo humwangukia mfanyakazi wa mshahara mdogo ambaye hakufikia kigezo cha msamaha. Ada hutozwa kwa kila dawa, na Mei 2024 ilipanda hadi pauni 9.90. Pampu mbili za pumu, moja ya kuzuia na moja ya kutuliza, zikawa pauni 19.80. Ipo nafuu: cheti cha kulipia mapema, ambacho mwaka huo kiliuzwa pauni 114.50 kwa miezi 12, na huweza kulipwa kwa awamu. Anayechukua dawa 12 au zaidi kwa mwaka huokoa fedha, ilimradi awe amesikia kwamba cheti hicho kipo.

Wales ilifuta ada hiyo 2007, Ireland Kaskazini 2010, Scotland 2011. Kwa England, ripoti ya Profesa Ian Gilmore iliyotolewa 2010 ilipendekeza wagonjwa wote wa muda mrefu wasamehewe. Haikutekelezwa. Wafamasia wa huko hueleza kuhusu wagonjwa wanaofika dirishani na karatasi ya dawa tatu, wakauliza ipi wanaweza kuiacha.