Mlango Uliofunguliwa Denver

Katika miaka ya 1980, kikundi cha watafiti wa mitandao ya neva, tawi la akili unde linaloiga namna ubongo unavyofanya kazi, kilikuwa na desturi ya kukutana Snowbird, kwenye milima ya jimbo la Utah, Marekani. Ulikuwa mkutano wa mwaliko, na ambaye hakualikwa hakuwa na la kufanya huko. Mwaka 1986, wakiwa hukohuko mlimani, baadhi yao walianza kusema kwamba fani inayowakutanisha wahandisi, wanafizikia, wanasaikolojia na wachunguzi wa ubongo haitakua ikiendelea kufungiwa. Wakapendekeza kongamano la pili ambalo yeyote angeweza kuja. Mwaka uliofuata likafanyika Denver, Colorado, likaitwa NIPS. Mhimili wake alikuwa Edward Posner wa chuo cha Caltech. Posner alifariki mwaka 1993 baada ya kugongwa na lori akiwa juu ya baiskeli yake, na Terrence Sejnowski akashika uongozi wa taasisi inayoliendesha.

Msomaji aliweke hilo akilini: kongamano hili lilizaliwa ili mlango uwe wazi.

Siku za Denver waliohudhuria walihesabika kwa mamia. Wote waliketi ukumbi mmoja, mada moja ikifuata nyingine, mhandisi akimsikiliza mchunguzi wa ubongo wa panya, apende asipende. Jioni watafiti walisimama mbele ya mabango yao wakieleza kazi zao na kubishana hadi usiku wa manane. Kongamano likiisha, wengi walipanda milimani kwa warsha za siku mbili tatu. Ratiba ya warsha ilikuwa na kipindi cha asubuhi na cha jioni, na mchana waliachiwa wateleze kwenye theluji. Mwaka 2001 kongamano lilihamia Vancouver, Kanada, na desturi hiyo ikahama nalo hadi milima ya Whistler.

Wazee wa fani huzikumbuka siku hizo kwa mapenzi, kana kwamba udogo ule ulikuwa busara ya mtu fulani. Haukuwa. Kongamano lilikuwa dogo kwa sababu wengi waliitilia shaka mitandao ya neva, na fedha zilikwenda kwingine.

Mambo yaligeuka Desemba 2012, kwenye hoteli za kamari kando ya ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada. Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na mwalimu wao Geoffrey Hinton waliwasilisha makala kuhusu mtandao wa neva ulioshinda kwa mbali shindano la kompyuta kutambua picha. Wakati huohuo, Hinton alikuwa chumbani mwake hotelini akiinadi kampuni ndogo ya watu watatu, yeye na wanafunzi wake hao wawili, na makampuni makubwa yakipandishiana bei kwa baruapepe. Google ilishinda kwa dola milioni 44. Mwaka uliofuata, hapohapo Tahoe, Mark Zuckerberg alikuja mwenyewe. Kongamano la kubishania mabango likawa pia soko la ajira, na soko halijui idadi ya viti.

Watu wakafurika. Barcelona, mwaka 2016, walipita 5,000. Long Beach, mwaka 2017, walifika kama 8,000, na tiketi ziliisha kabla ya siku yenyewe. Ukumbi mmoja haukutosha tena, mada zikaanza kuwasilishwa sambamba, na aliyekuwa akilazimika kumsikiliza mtu wa panya sasa akawa na pa kukimbilia. Hapo kilipotea kitu ambacho hata ukumbi mkubwa usingekirudisha.

Septemba 2018, tiketi za kongamano la Montréal zilipofunguliwa mtandaoni, zaidi ya 2,000 zilikwisha kwa dakika 11 na sekunde 38. Mashabiki wa Simba na Yanga wataielewa hali hiyo. Ila anayewahi kuuziwa kwa dakika 11 si lazima awe anayehitaji zaidi. Ni yule mwenye intaneti ya kasi, kadi ya benki isiyokataliwa, na saa inayomkuta macho. (Mwaka huohuo, mwezi Novemba, ufupisho wa jina ulibadilishwa kuwa NeurIPS, kwa kuwa ule wa zamani uliwapa wenye ulimi mchafu nafasi ya kuwatania wanawake.)

Kwa hiyo mwaka 2019 waandaaji waliachana na mbio, wakapiga kura ya bahati nasibu. Waandishi wa makala zilizokubaliwa, pamoja na wahakiki, walitengewa nafasi, na wengine wakasubiri majina yao yatokee. Vancouver ilipokea watu wapatao 13,000. Mimi naona kura ile ilikuwa ya haki kuliko mbio. Lakini hata nafasi ya mwandishi ilikuwa na kamari ndani yake. Mwaka 2014 wenyeviti wa programu, Corinna Cortes na Neil Lawrence, walizipeleka makala 166 kwa kamati mbili zisizowasiliana. Katika takribani robo ya makala hizo, kamati moja ilikubali na nyingine ikakataa. Mwaka huo makala zilizoletwa zilikuwa 1,678. Mwaka 2019 zilikuwa 6,743, na mwaka 2024 zikapita 15,000.

Haya yote ni ya mlango wa kwanza. Mlango wa pili hauko mikononi mwa waandaaji.

Timnit Gebru, mtafiti mzaliwa wa Ethiopia, alipohudhuria Barcelona mwaka 2016 aliwahesabu watu weusi katika maelfu yale akawapata sita hivi. Yeye na Rediet Abebe wakaanzisha Black in AI, na mwaka 2017 warsha yao ya kwanza ikafanyika Long Beach. Mwaka 2018, Montréal, makala zilikubaliwa, ila viza hazikutoka: watu wengi waliokuwa wafike kwenye warsha hiyo, wengi wao kutoka Afrika, walinyimwa au majibu yao yalichelewa. Barua za kukataliwa mara nyingi zilidai kwamba afisa hakuridhika kuwa mwombaji angerudi kwao. Mwaka 2019 hali ikajirudia. Hapo bahati nasibu haisaidii kitu.

Waliozuiwa hawakukaa kusubiri foleni. Mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilipokea Deep Learning Indaba ya kwanza, kusanyiko la watafiti wa Afrika lenye watu kama 300. Indaba, kwa Kizulu, ni baraza. Mwaka 2019 ilikuja Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kwa watafiti wengi wa ukanda huu hilo lilikuwa kongamano la kwanza la akili unde waliloweza kulifikia kwa basi. Kongamano jingine kubwa la fani hiyo, ICLR, lilipangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020. UVIKO-19 ikalihamishia mtandaoni, na likaja Afrika hatimaye Mei 2023, Kigali. Agosti 2025 Indaba nayo ilifanyika Kigali.

NeurIPS ilifanyika mtandaoni mwaka 2020 na 2021, na mwaka wa kwanza waliojiandikisha walipita 20,000. Iliporudi kumbini msongamano ulirudi pia, na mwaka 2024 Vancouver iliona bahati nasibu kwa mara nyingine. Kwa Desemba 2025 waandaaji waliligawa kongamano kati ya San Diego na Mexico City, wakitaja ufinyu wa nafasi na ugumu wa viza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa NeurIPS kuwa na miji miwili kwa wakati mmoja. Afrika, tangu Denver mwaka 1987 hadi Desemba hiyo, haijawahi kuwa mwenyeji wake.