Mkama, sultani, chifu

Mkama (wingi: wakama, Kihaya: omukama, abakama) ni cheo cha mtawala mkuu katika falme za Wahaya, mkoani Kagera. Rubafu, kandokando ya Ziwa Victoria, ilikuwa sehemu ya Bugabo, mojawapo ya falme hizo. Nyingine ni pamoja na Kiziba, Kianja na Ihangiro.

Historia ya matumizi

Boma la Wajerumani lilianzishwa Bukoba mwaka 1890. Msamiati wake wa utawala ulitoka pwani, hivyo mkama aliandikwa sultani, neno lenye asili ya Kiarabu, hata pale ambapo hakuwa Mwislamu. Kuanzia 1906 wakama walitawala chini ya mwakilishi mkazi wa Kijerumani.

Waingereza, walioitwaa nchi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walileta neno lao, likatoholewa kuwa chifu. Sheria ya mwaka 1926, enzi ya Gavana Donald Cameron, iliwafanya machifu kuwa ngazi ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta mamlaka yao kisheria. Hata hivyo, neno omukama halikufutika: Wakristo wa Kihaya hulitumia kumwita Bwana Mungu.

Matumizi

Maneno haya matatu yaweza kumhusu mtu mmoja, lakini si visawe. Mkama hutaja enzi yenyewe. Sultani na chifu hutaja nafasi aliyopewa mtawala huyo na dola iliyomshinda.

1. Kwa habari za kabla ya 1890, tumia mkama au mfalme.
2. Katika kutafsiri nyaraka za Kijerumani, bakiza sultani, ukieleza maana yake kwa mara ya kwanza.
3. Tumia chifu kwa wadhifa wa enzi ya Waingereza.

Linganisha:

(a) Kabla ya kuja Wajerumani, chifu wa Bugabo aliwaamulia watu wake mashauri.
(b) Kabla ya kuja Wajerumani, mkama wa Bugabo aliwaamulia watu wake mashauri.

Sentensi (a) haina kosa la sarufi. Kosa lake ni la kihistoria: inampa mtawala huru cheo cha mtu aliye chini ya gavana, kana kwamba alikwisha kutawaliwa kabla ya kushindwa.