Safu ya lugha: Kasiba

Sote tunasema mtutu wa bunduki. Kiswahili kina pia kasiba, neno la Kiarabu lenye asili ya tete, na wapo wanaosema mwanzi wa bunduki. Hata canon ya Wafaransa, yaani mzinga, mzizi wake ni tete la Kigiriki. Wote waliona tundu.

Tundu hilo ndilo linalomsumbua mkulima wa Kisarawe mwenye bunduki ya leseni ya kufukuzia nguruwe pori: kutu ya ndani haionekani. Si lazima anunue chombo cha gharama ili aione. Kamera ya waya inayounganishwa na simu, ya aina ambayo fundi wa magari pale Kibaha anaweza kuchungulia nayo silinda, itamfaa, ila apime kichwa cha kamera hiyo. Kasiba ya .22 ina upana wa takriban milimita 5.6, hivyo kichwa cha 5.5 kinaweza kukwama. Shotigani namba 12, yenye milimita 18 na ushei, haina shida hiyo.

Kwa raifo, dai kijioo cha pembeni, maana kamera inayotazama mbele tu huipita mifuo ya ndani ya kasiba bila kuionyesha vizuri. Gobore halina mifuo. Kamera hiyo mimi ningeiita kamera ya kasiba. Na risasi zitolewe kwanza, jamani.