Hina ya nywele na tamaa ya weusi

Hina hutokana na majani ya mhina, mti mdogo wa nchi za joto unaostawi kuanzia Afrika Kaskazini na Bara Arabu hadi India. Mwaka 1753 Linnaeus aliupa jina la Lawsonia, na kutokana nalo kiini cha rangi kilichomo majanini kikaitwa lawsoni. Unga wa majani ukikorogwa kwa maji, hasa yaliyotiwa ndimu, lawsoni hutoka polepole na kushikana na keratini, yaani protini ya nywele, kucha na ngozi ya juu. Rangi yake ni moja tu, wekundu wa kutu. Mengi yaliyoipata hina kwa karne nyingi, mema na mabaya, yametokana na watu kutoridhika na wekundu huo.

Farao Ramesses II alifariki karibu na mwaka 1213 kabla ya Kristo, akiwa na miaka 90 hivi. Nywele za maiti yake zina wekundu wa manjano, na hina hutajwa sana kuwa ndiyo iliyofunika mvi zake.

Katika Uislamu jambo hili lina habari yake mahsusi. Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria (630), mzee Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, aliletwa mbele ya Mtume akiwa na mvi tupu kichwani na ndevuni. Mtume aliamuru weupe ule ubadilishwe, ila weusi uepukwe. Abu Bakr mwenyewe alipaka hina pamoja na katam, mmea unaoukoleza wekundu ukaelekea weusi. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu weusi, lakini wekundu umebaki salama, na hadi leo ndevu za rangi ya machungwa ni kitu cha kawaida kwa wazee wa Kisomali, Mogadishu na hata Eastleigh, Nairobi.

Faida za hina halisi ni za kweli, ingawa hutiwa chumvi. Huziba mvi bila amonia na bila kuchubua rangi ya asili, hudumu, na hufanya unywele uonekane mnene na wenye kung'aa. Kwamba huotesha nywele ni maneno ya wauzaji: unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai, na hina hupaka tu kilichokwishaota. Kasoro zake nazo zinajulikana. Hukausha nywele zisipopakwa mafuta, huchukua saa kadhaa, haiondoki kwa urahisi, na kwenye nywele nyeusi huonekana zaidi juani.

Huko Ulaya, mwishoni mwa karne ya 19, mwimbaji wa opera Adelina Patti alihusishwa na kuvuma kwa nywele za hina. Huko Marekani baadaye akaja mwigizaji Lucille Ball. Soko likadai rangi zaidi, na viwanda vikachanganya unga huo na chumvi za madini kama risasi na shaba. Nywele zilizopakwa mchanganyiko huo zikikutana na haidrojeni peroksaidi ya saluni hupata moto na kukatika, na lawama ikaangukia hina.

Madhara makubwa zaidi yaliletwa na PPD, kemikali ya rangi nyeusi iliyotumika kwenye nywele tangu karne ya 19. Inayoitwa hina nyeusi, na piko ya pwani ya Afrika Mashariki, mara nyingi huwa na kemikali hiyo. Huleta malengelenge, uvimbe wa uso na mzio usiokwisha maishani. Nchini Sudan, ambako PPD ilichanganywa na hina, madaktari waliripoti wagonjwa waliovimba koo, kushindwa kupumua na kuharibika figo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 katika rangi ya nywele.

Hata hina safi haiwafai watu wote. Wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea katika maeneo ya malaria, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo, wanaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu, na walio hatarini zaidi ni watoto wachanga.

Unga wa hina halisi ni wa kijani na hunukia majani makavu. Pakiti inayoahidi weusi wa mkaa kwa nusu saa ina kitu kingine ndani yake.